Kwa Meli Kutoka Kyela Hadi Mbamba Bay



Sisi wa Kisiba tumekaa na maji tangu kuzaliwa, lakini ni maji ya namna yake. Ziwa letu la Masoko, ambalo wengi huliita Kisiba kwa jina la mahali, ni shimo la mlima wa moto wa zamani lililojaa maji. Upana wake ni kama mita 700 tu, na siku nyingi limetulia kama maji ya bakulini. Watoto hutafuta pembeni mwake sarafu za Wadachi, maana Wadachi walikuwa na boma hapo Masoko, na hadithi za mali waliyoitupa majini wakati wa vita hazitaisha leo wala kesho. Mtu aliyezoea maji ya namna hii, siku anaposhuka Kyela na kuliona Ziwa Nyasa, hudhani ni Masoko lililonenepa. Sivyo hata kidogo. Nyasa lina urefu wa kilomita zaidi ya 550, na kina chake hufika karibu mita 700. Upepo wa kusini, uitwao mwera, ukivuma miezi ya Mei hadi Agosti, huinua mawimbi ya kumtikisa hata baharia mzee.

Nasema haya kwa kuwa watu wengi huja ofisini parokiani kuchukua cheti cha ubatizo, kwa ajili ya ndoa ifungwayo huko Manda, Lituhi au Mbamba Bay, na cheti kikiisha kupigwa mhuri huniuliza, "Karani, na hiyo meli hupandwaje?" Kwa hiyo nimeona afadhali niyaandike pamoja, kila nyumba iyasome.

Kwanza, kushuka. Kutoka Kisiba njia ni mbili. Waweza kupanda Tukuyu ukashike barabara ya lami iteremkayo Kyela, ama kushuka moja kwa moja kwa njia ya Ipinda. Hii ya pili ni fupi na inapendeza macho, lakini nanyi mwaijua mvua ya Rungwe: gari likikwama kwenye tope, meli haitakungoja. Mwenye mizigo, wazee au watoto wachanga apite Tukuyu. Ukifika Kyela, uliza meli inapakia wapi, maana zipo bandari mbili, Itungi na Kiwira. Itungi ndiyo ya zamani, lakini mchanga wa mto huijaza, ndipo meli kubwa zikapendelea Kiwira. Tena usichanganye: Kiwira hii iko huko chini Kyela, siyo Kiwira yetu ya juu, njia ya kwenda Mbeya. Mtu akipoteza nusu siku kwa ajili ya jina, hasara ni yake.

Wazee wanaikumbuka MV Songea na MV Iringa. Meli mpya ya abiria, MV Mbeya II, ilianza kazi mwaka 2021. Ilijengwa kwa abiria 200 na mizigo tani 200. Ratiba hubadilika. Meli hutengenezwa, upepo huzuia, mizigo huchelewa. Usiondoke nyumbani kwa kutegemea maneno ya jirani aliyesafiri mwaka jana. Mpigie simu mtu aliyeko Kyela, aende bandarini aulize, kisha ndipo ufunge mzigo. Na fedha ya kula siku mbili zaidi iwe mfukoni, maana kungoja bandarini ni sehemu ya safari hii.

Sasa nitasema kidogo juu ya safari za matajiri, mtaona kwa nini. Zipo meli kubwa za watalii zifikazo Zanzibar na Mombasa, kila moja ni kama mji unaoelea. Wenye meli hizo huwahesabia wageni wao usiku waliolala majini. Kadiri hesabu inavyozidi, mgeni hupandishwa daraja la heshima: huingia melini mbele ya wenziwe, hupewa kinywaji bila kulipa, hata nguo zake hufuliwa bure. Mtu mzima avuke bahari ili afuliwe nguo! Lakini nia yao naielewa. Mfanyabiashara humkumbuka mnunuzi wake wa kila siku, kama mama wa sokoni Tukuyu akuongezavyo ndizi mbili juu ya mkungu.

Katika ziwa letu hakuna kadi ya heshima. Faida ya msafiri wa mara kwa mara ni maarifa tu, nayo si haba. Watazameni akina mama wachukuao mchele wa Kyela kwenda vijiji vya pwani ya mashariki. Wao hufika bandarini mapema, hupata mahali pa kukaa katikati ya meli ambapo haichezi sana, mbali na moshi wa mashine. Hawakai nyuma ya mizigo mizito isiyofungwa. Wanajua choo kiko wapi kabla giza halijaingia. Wamekuja na blanketi, kwa kuwa usiku ziwani ni baridi hata kama mchana Kyela ulikuwa unatoka jasho. Ukiwa mgeni, mwamkie mmoja wao kwa heshima, "Ndaga, mama," ukae karibu naye, ufanye afanyavyo. Hilo lashinda kumwuliza baharia mwenye haraka.

Lakini liko jambo jingine watu waliitalo faida ya kujulikana, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Meli imeisha kujaa, tikiti zimekwisha, na mtu anakwenda pembeni kwa karani wa bandari au baharia amjuaye: "Ndugu yangu, wewe wanijua, nipitishe tu." Naye anapitishwa. Hana tikiti, wala jina lake halikuandikwa popote. Huenda akatoa kitu kidogo, huenda asitoe. Nyumbani husimulia kwa fahari jinsi anavyojulikana bandarini. Ndugu zangu, huo si upendeleo.

Kumbukeni MV Bukoba, iliyozama Ziwa Viktoria karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Chombo hicho kilikuwa cha kuchukua abiria 430. Orodha ya watu wa daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443. Na wale wa daraja la tatu, ambao ndio sisi, hawakuwa na orodha. Walikufa mamia ya watu, na hesabu kamili ya waliokuwamo imebaki jambo la kubishaniwa. Kazi yangu ni vitabu vya majina: waliobatizwa, waliofunga ndoa, waliofariki. Najua maana ya familia kuja kuomba Misa ya marehemu ikijua siku na mahali, na naweza kufikiri maana ya familia isiyojua hata kama mtoto wao alipanda chombo kile au alishuka njiani.

Tena tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika ziwa lile lile. Kilikuwa cha watu 101. Waliokufa walizidi 220. Walikuwa wametoka gulioni na mizigo yao, na gati lilikuwa karibu kabisa. Hata ziwa letu Nyasa lina habari yake. Tarehe 30 Julai 1946 meli iitwayo Vipya, ikiwa katika mwaka wake wa kwanza wa kazi, ilizama kwa dhoruba upande wa Malawi, wakafa watu 145. Na kabla ya hapo, mwaka 1895, Chauncy Maples, askofu wa Kianglikana wa Likoma, alizama ziwani humo chombo chake kilipopinduliwa na upepo, kabla hajamaliza mwaka katika uaskofu. Meli ya misheni iliyoanza kazi mwaka 1901 ilipewa jina lake. Angalia basi: mwezi wa Julai ni wakati wa mwera. Harusi ikiweza kupangwa Oktoba au Novemba, ipangwe hivyo. Bibi arusi hatapungukiwa na kitu.

Kwa hiyo, unaponunua tikiti, taja jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, siyo jina la utani ulilozoea mtaani. Ngoja uone limeandikwa. Watoto nao waandikwe, hata mchanga abebwaye mgongoni asiyelipa nauli. Usikubali karani akikuambia, "Huyo hana haja." Ana haja. Mwachie mtu wa nyumbani karatasi yenye jina la meli, siku uliyoondoka na bandari utakayoshukia. Na ukifika ukaona meli imejaa kupita kiasi, watu wamesimama hata kwenye ngazi, rudi. Mwenye harusi atakasirika, atanuna mwezi mzima, kisha atakusamehe.

Ukiisha kupanda, jambo la kwanza si kutafuta chai. Tafuta makoti ya kuokolea yalipowekwa, uone jinsi yanavyofungwa, uwaonyeshe na watoto. Ukiona aibu kwamba watu watakucheka kuwa mshamba, acha wacheke. Jambo la pili, meli ikikaribia bandari usikimbilie upande mmoja pamoja na wengine. Kivuko cha Ukara, kwa habari za walionusurika, kilielemewa watu walipojazana upande mmoja kujiandaa kushuka. Kaa mahali pako mpaka ifungwe. Na pasipo na gati, ambapo watu hushushwa kwa mashua ndogo, wazee na watoto watangulie, mizigo baadaye. Gunia la mchele likianguka majini, ni gunia tu.

Chakula chukua cha nyumbani. Ndizi za kuchoma, mahindi, karanga na chupa ya maji yaliyochemshwa vyatosha. Mafuta mengi tumboni na mawimbi havipatani. Tumbo likichafuka, tafuna tangawizi, uelekeze macho kwenye milima ya mbali badala ya kutazama chini. Maji ya ziwa usiyanywe hivi hivi, wala usioge penye majani na maji yaliyotulia, kwa sababu ya kichocho. Chandarua kidogo kitakufaa utakapolala bandarini.

Safari yenyewe, upepo ukiwa mwema, huchukua kama mchana mmoja na usiku mmoja. Jumapili ikiangukia humo, nenda Misa ya Jumamosi jioni kabla ya kupanda, kama yako karibu. Isipowezekana, salini Rozari pamoja juu ya sitaha. Nanyi mtashangaa ni wangapi watakaojiunga, hata wasio wa madhehebu yetu.

Wala msidhani safari hii ni hofu tupu. Mkiisha kuondoka, upande wa kushoto mtaona Milima ya Livingstone ikisimama wima kutoka majini, kana kwamba mtu aliikata kwa panga. Karibu na Matema wanaishi Wakisi, wafinyanzi hodari. Vyungu vyao huuzwa gulioni Lyulilo kila Jumamosi, na bila shaka kimoja kipo jikoni kwenu. Mbele yake kuna vijiji vilivyobanwa kati ya mlima na maji. Huko kwa miaka mingi meli ilikuwa ndiyo barabara, ndiyo posta, ndiyo gari la wagonjwa. Ikikosekana mwezi mmoja, chumvi hupanda bei. Utakapoona watu wamesimama ufukoni kijiji kizima, si udadisi, wanangoja vitu vyao. Halafu Lupingu, Manda, mdomo wa mto Ruhuhu, na Lituhi yenye misheni yetu na hospitali.

Mbele zaidi ni Liuli, ambapo Wadachi walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya jiwe kubwa lenye sura ya mnyama wa Misri. Hapo, Agosti 1914, meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa nchi kavu ikitengenezwa, Waingereza wakaja na meli yao Gwendolen wakaipiga mzinga. Nahodha wa Kidachi alikuwa hajapata habari kwamba vita vimeanza. Akamwendea mwenzake, ambaye walikuwa marafiki, kumwuliza kama amelewa. Ndivyo vita vya wakubwa vilivyoingia katika ziwa letu.

Mbamba Bay ina ghuba nzuri, na meli hutulia ikiingia. Ukimaliza shughuli yako na ukakuta mwera umeamka, huna lazima ya kurudi majini. Ipo barabara ya lami, kilomita 66, ipandayo mpaka Mbinga, na kutoka hapo mabasi huenda Songea. Songea utapata gari la Njombe na Makambako, kisha Mbeya, kisha Tukuyu. Ni mzunguko mrefu, wenye kulala njiani, na nauli yake ni kubwa kuliko ya meli. Itie katika hesabu tangu nyumbani, uifunge katika kitambaa cha peke yake, usiiguse mpaka siku ya kurudi.