Upande wa Kushoto

Siku Sony walipotangaza Walkman zao mpya mbili, Februari 2022, nilikuwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nikijifanya nasoma makala ya fonolojia. Moja iliitwa NW-WM1AM2, nyingine NW-WM1ZM2. Majina kama namba za usajili wa trekta, najua, lakini nilikuwa nimeyasubiri miaka sita. Matoleo ya kwanza yalitoka 2016 nikiwa kidato cha sita, na tangu hapo nilikuwa nikiyafuatilia mtandaoni jinsi wenzangu walivyofuatilia harusi za watu maarufu.

Kwa asiyejua: hizi ni pleya za muziki. Hazipigi simu. Ile kubwa mwili wake umechongwa kwa shaba na kuchovywa dhahabu, ina uzito wa karibu nusu kilo, na bei yake ilizidi dola 3,000. Ile ndogo, niliyoitaka mimi, ni ya aluminiamu, karibu dola 1,400, yaani zaidi ya shilingi milioni 3 za kwetu. Rafiki ninayekaa naye hosteli aliponiona nikitazama bei aliniuliza kama inafua nguo.

Jibu nililompa lilichukua nusu saa na halikumshawishi. Nilimwambia wimbo ulio kwenye faili ni namba tu, lazima kitu kizigeuze namba hizo kuwa umeme, kisha umeme huo upewe nguvu ya kusukuma hedifoni. Kwenye simu kazi hiyo imepewa kona ndogo, imebanana na antena, kamera na betri, kila kimoja na kelele zake za umeme. Kwenye pleya ya maana kazi ni hiyo tu. Nikamweleza habari za tundu la milimita 4.4, ambalo upande wa kushoto una nyaya zake mbili na wa kulia zake mbili, wala haushirikiani na mwenzake hata njia ya kurudi. Kwenye tundu la kawaida la milimita 3.5 pande zote mbili hurudi kwa waya mmoja, na sauti ya huku huvujia kidogo kule.

"Kwa hiyo unatoa milioni 3 ili kushoto asijue mambo ya kulia," akasema, akazima taa.

Ugonjwa huu niliupata Tanga, kwa mjomba wangu, fundi redio. Kibanda chake kiko Ngamiani, na likizo zote za shule ya msingi nilishinda pale nikipanga skrubu kwa ukubwa. Redio au spika ikishatengenezwa, mjomba aliijaribu kwa kaseti moja tu, ya Black Star Musical Club, taarabu ya zamani ya palepale Tanga, iliyokwisha chakaa hata maandishi yake yakafutika. Kuna mahali, kabla ya ubeti kuanza, mwimbaji anavuta pumzi. Mjomba aliinamisha kichwa, akanyanyua kidole. Pumzi ikisikika, mwenye redio anaitwa aje na hela yake. Isiposikika, redio inafunguliwa upya. Nilikua nikiamini kwamba kifaa kizuri ni kile kisichomficha mtu pumzi.

Nilipofika darasa la sita akaninunulia pleya ya Kichina, kioo chake kama stempu. Nyimbo nilijaziwa na jamaa mmoja mwenye kompyuta, na kila wimbo ulianza na sauti yake akijitaja jina na namba ya simu. Mpaka leo nikisikia baadhi ya nyimbo hizo redioni naona kama zimekatwa kipande. Hedifoni zilizokuja na pleya zilikufa upande wa kulia baada ya mwezi. Nikanunua nyingine, nazo zikafa kulia. Sijui kwa nini ni kulia siku zote, labda ni namna nilivyokuwa nikizilalia. Nikazoea: sikio la kushoto la muziki, la kulia la dunia, la kumsikia mama akiita na konda akitaja kituo. Na kwa kuwa upande mmoja hautoshi ndani ya daladala ambalo injini inaguruma chini ya miguu yako, unaongeza sauti mpaka mwisho. Hata baadaye, nilipokuwa na hedifoni nzima, cha kulia nilikichomoa mwenyewe.

Basi nikaanza kuweka akiba. Nilikuwa nikifanya unukuzi wa mahojiano ya watafiti, kazi inayolipwa kwa saa ya rekodi, si kwa saa ya mgongo wako. Kufikia Juni nilikuwa na milioni 1 na laki 6. Shangazi wa rafiki yangu huenda Dubai kuchukua mzigo, akakubali kunibebea. Nikamsisitizia jambo moja: asije na toleo la Ulaya, kwa sababu kule kanuni zinataka sauti iwekewe kikomo, nami nilitaka pleya isiyo na breki. Katikati ya hayo, mwezi Mei, Apple wakatangaza kwamba iPod haitatengenezwa tena, baada ya miaka zaidi ya 20, na nikajisikia kama mtu anayejiunga na kabila linalohama.

Nilitarajia nini hasa? Nimejiuliza sana. Nilikuwa na picha kichwani: nakaa kitandani usiku, naweka zile taarabu nilizozihamisha mwenyewe kutoka kaseti za mjomba, na pumzi ile inanijia karibu kuliko nilivyowahi kuisikia. Kwamba mvumo wa kaseti nao ungenijia karibu zaidi, hilo sikutaka kulifikiria. Mashine ya milioni 3 haiwezi kutoa kwenye kaseti kitu ambacho kaseti haikushika. Nilijua. Lakini matumaini ya kununua kitu hayaongozwi na unayoyajua.

Wakati huohuo nilikuwa na tasnifu ya kuandika. Nilichunguza jinsi vijana wa Dar es Salaam waliokulia mikoa ya bara wanavyotamka sauti ya *th*. Inajulikana kwamba wengi huifanya *s*, wakasema *selasini*. Niliwarekodi vijana 24, kila mmoja akisoma sentensi na kupiga soga kidogo, kisha usiku nikawa nasikiliza na kuweka alama: hapa *th*, hapa *s*. Matokeo yalinisisimua. Vijana wangu walikuwa wakitamka *th* vizuri kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Zaidi ya hapo, waliiweka hata pasipo pake. Nilikuwa na msichana mmoja aliyesema, kwa mujibu wa daftari langu, kwamba baba yake ana duka la thamani, akiwa anazungumzia viti na makabati. Niliandika kurasa sita kuhusu usahihishaji wa kupita kiasi: mtu anaogopa kuchekwa kwa kusema *s* mpaka anaifukuza hata kwenye *samani*. Zilikuwa kurasa nzuri. Msimamizi wangu alizisoma akasema, "Njoo na rekodi."

Ofisini kwake kuna spika mbili ndogo za kompyuta. Nikafungua faili ya yule msichana. Baba yake ana duka la samani, akasema, na *s* ikatoka kali kama maji yanayodondokea pasi ya moto.

Nikasema nimekosea faili. Nikafungua nyingine, na nyingine. Zote *s*. Msimamizi hakusema kitu kwa muda, kisha akaniuliza kama nimekuwa nikilala vizuri. Nikasema sijalala vizuri. Alinipa wiki mbili.

Hosteli niliweka hedifoni kama kawaida yangu, kushoto. *Thamani*. Nikahamishia kulia. *Samani*. Kushoto, *thamani*. Kulia, *samani*. Nilifanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba rafiki yangu aliamka akaniuliza natafuta nini. Nikafungua Praat, programu tunayotumia kuitazama sauti, na ile *s* ilikuwepo kwenye spektrogramu, doa jeusi juu ya hezi 4,000, nene kabisa. Ningeweza kuigusa kwa kidole. Kwa sikio langu la kushoto kilichobaki ni upepo laini, na upepo laini ndio hasa unaofanana na *th*.

Hospitali waliniingiza kwenye chumba kidogo chenye kuta za sponji, wakanipa kitufe nibonyeze kila nikisikia mlio. Daktari alinionyesha chati. Mstari wa kulia ulikwenda sawa kama barabara ya Dodoma. Wa kushoto ulikwenda nao sambamba mpaka hezi 2,000, kisha kwenye 4,000 ukaanguka kama mtu aliyekosa ngazi, na kwenye 8,000 ukajaribu kupanda kidogo. Akaniuliza kama nimewahi kufanya kazi kiwandani. Sijawahi. Kama nimewahi kuwa karibu na mlipuko, au bunduki. Nikamwambia mimi ni mwanafunzi wa isimu. Akaniuliza habari za hedifoni, nami, kwa mara ya kwanza maishani, nikaona aibu kuzungumzia muziki.

Alikuwa mwangalifu, hakusema moja kwa moja kwamba ni hizo. Alisema mbonyeo wa namna ile karibu na 4,000 ni alama ya kelele, na kwamba vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 saa 40 kwa wiki bila wasiwasi mkubwa, lakini kwenye desibeli 90 saa hizo zinashuka mpaka 4. Nilipiga hesabu ya foleni ya Ubungo peke yake, asubuhi na jioni, nikaacha katikati.

Kuna alama ndogo ya dhahabu ya Hi-Res Audio inayobandikwa kwenye vifaa hivi. Ili hedifoni zipewe alama hiyo lazima ziweze kufika kilohezi 40. Sikio zima la kijana huishia kwenye 20 hivi. Yaani hata kabla ya chati yangu nilikuwa najinyima chakula nilipie eneo ambalo angelifaidi popo. Hilo nalo nilikuwa nimelisoma zamani, na kila mara nilijibu kwamba anayedharau hajasikia. Watu wa mambo haya tuna majibu ya kila kitu.

Kurasa sita nilizifuta. Rekodi zote 24 nilizisikiliza upya kwa sikio la kulia, jicho likiwa kwenye spektrogramu, na nikamlipa mwanafunzi mwenzangu laki 6 kutoka kwenye akiba azisikilize naye bila kuona alama zangu. Tulitofautiana mahali pachache tu. Vijana wangu ni kama vijana wengine, wanasema *selasini*. Tasnifu imekuwa ya kawaida, muhula mmoja umepotea, na msimamizi bado anaamini kwamba shida ilikuwa usingizi. Nimefika mlangoni kwake mara mbili nikiwa nimejipanga kumweleza. Mtu anayeandika kuhusu matamshi anamwambiaje msimamizi wake kwamba hasikii *s*?

Shangazi alipopiga kuuliza lini anatumiwa hela, nilimwambia safari hii bado. Sikumwambia hapana. Nakiri kwamba ukurasa wa ile Walkman bado naufungua, na bado naitaka, ila maswali ninayoiuliza yamebadilika: inaweza kusogeza sauti upande mmoja? Inahesabu nimesikiliza kwa nguvu gani wiki nzima? Kwenye mipangilio ya simu yangu, sehemu ya ufikivu, nimekuta mstari wa kusogeza sauti kushoto au kulia. Umekuwepo miaka yote. Nilidhani ni wa wazee.

Wa kwanza kumwambia alikuwa mjomba, na ni kwa sababu alinikuta sijajiandaa. Alipiga Jumapili.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Ile redio yako ya Wajapani imefika?"

Kwake kila kinachotoa sauti ni redio. Nikamweleza yote, chati, daladala, samani. Kwa nyuma nilisikia kijana wake akigonga kitu na mtu akiuliza bei ya betri.

"Sikio gani?" akauliza.

"La kushoto."

"Basi shika simu kulia."

"Nimeshika kulia, mjomba. Naona huwa nashika kulia siku zote."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema ile kaseti bado ipo, nikija likizo tuisikilize, kwa spika, si kwa vidude vya kuchomeka. Nikamuuliza kama na yeye bado anaisikia vizuri ile pumzi.

"Mimi?" Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, ile sijaisikia mwaka wa ngapi huu. Mimi najua tu inapofika. Nanyanyua kidole, namtazama huyu kijana. Akitikisa kichwa kwamba ipo, naita mwenye redio."