Tone la Oili Uani na Gauni la Biharusi



Wiki ile tulikuwa na kazi ya Makunduchi: gauni la biharusi na madera kumi ya sare. Siku nne kabla ya harusi tuliona tone jeusi chini ya gari. Tukalimwagia mchanga, tukarudi kwenye cherehani. Kigari chetu kimepita miaka 20, tukasema kizee hakikosi kikohozi.

Asubuhi ya harusi, tumeshapita Tunguu, taa nyekundu yenye alama ya birika ikawaka. Biharusi anapiga simu, nasi tukaambizana, "Twende tu, tutaangalia tukifika." Muuza madafu mmoja akatupungia: "Wanangu, zimeni gari! Mnamwaga oili njia nzima."

Tukazima. Mmoja wetu akapanda daladala na nguo, akafika adhuhuri inaadhiniwa. Biharusi alivaa, alhamdulillah, lakini gauni halikupata pasi ya mwisho, na uso wa mama yake hatujausahau.

Fundi alipoingia chini ya gari alikuta boliti ya kumwagia oili imedondoka. Boliti hiyo hukaa chini kabisa ya sampu, lile bakuli la oili ya injini. Boliti ni ya chuma, sampu yetu ni ya aluminiamu, ambayo ni laini. Kila ikikazwa kwa spana ndefu na nguvu zote, uzi wa sampu unaliwa kidogo kidogo, mpaka siku boliti haishiki tena. Sisi washonaji tunalijua hilo: uzi ukishachoka, kuvuta zaidi ni kuukata. Tena boliti ina washa yake, hubanwa mara moja ikaziba. Yetu ilirudiwa mara tatu, kwa sababu sisi wenyewe tulimwambia fundi, "Hiyo hiyo inatosha." Tuliona uchungu wa pesa ya washa.

Fundi alitoboa tundu upya, akapachika uzi mpya, akatia boliti na washa mpya. Injini ilipona kwa kuwa tuliizima mapema. Bila ya oili vyuma husuguana vikavu, na dakika chache zinatosha kuiua.

Sasa tunabadilisha oili kila kilomita 5,000, na washa mpya kila mara. Tunasimama hapo hapo tuone boliti inaanzwa kwa vidole, kisha inakazwa kwa kipimo cha gari lenyewe, si kwa misuli. Usiku tunatandaza kadibodi chini ya injini. Tone likionekana, gari haitoki. Na kila Ijumaa, injini ikiwa baridi, tunachomoa kijiti cha oili tukapima.

Mama wa biharusi tulimwendea tukamtaka radhi. Nguo ya mtu ni amana, na gari inayoibeba imo ndani ya amana hiyo. Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakutuzuii kuinama tukaangalia chini ya gari.