Daftari Halioni Kovu

Kila daktari anayesomea ubingwa wa upasuaji huwa na daftari lake la operesheni. Humo huandika tarehe, umri wa mgonjwa, alichofanyiwa, na kama kisu alikishika mwenyewe au alikuwa msaidizi tu. Mafunzo yakifika mwisho daftari hukaguliwa, na idadi ndiyo inayosema. Nilisomea upasuaji rekebishi kwa njia hiyo katika hospitali ya chuo kikuu, nikabaki hukohuko kufundisha, na kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba kwa fani yetu daftari hilo ni mizani mbovu. Linaishia siku ya operesheni, ilhali siku hiyo kazi yetu ndiyo kwanza inaanza. Wengi wakisikia upasuaji wa plastiki hufikiria urembo. Wodi zetu zimejaa watoto waliomwagikiwa uji au maji ya moto, midomo sungura, na miguu iliyochunwa na ajali za bodaboda. Kwa wagonjwa hao swali si kama kidonda kimefunga, bali kama shingo itageuka na mkono utafika mdomoni.

Chukua upandikizaji wa ngozi, kazi ambayo mwanafunzi wetu huaminiwa nayo mapema. Paja hupakwa mafuta, hunyooshwa kwa kibao, na kisu cha Humby huinuliwa kwenye mwanga ili jicho lipime mwanya ulio kati ya roli na makali. Mkono ukitulia, ngozi hutoka nyembamba kiasi cha kupitisha nuru. Siku mbili za kwanza kipande hicho huishi kwa kufyonza majimaji ya kidonda; kisha vimishipa vya damu huanza kuungana nacho, na siku ya tano bandeji ikifunguliwa, wekundu wake hafifu humfurahisha kila aliyezunguka kitanda. Mwanafunzi huandika kwamba imeshika, na kweli imeshika. Lakini ngozi nyembamba iliyopandwa shingoni au nyuma ya goti hujikunyata kadiri kovu linavyokomaa, na kovu huchukua mwaka mzima, pengine mwaka na nusu, kukomaa. Mtoto aliyeondoka akigeuza shingo vizuri anaweza kurudi kidevu kimevutwa hadi kifuani. Wakati huo aliyempandikiza yuko kitengo kingine akijifunza upasuaji wa mikono, au ameshahitimu.

Hapo ndipo hasara ilipo, kwa sababu kinachomtofautisha bingwa na fundi wa kushona ni uamuzi: ngozi nyembamba au nene, kupandikiza leo au kusubiri, kuikata vipi kamba ya kovu. Vitabu hufundisha kwamba mchoro wa herufi Z wenye pembe za nyuzi 60 hurefusha kovu kwa asilimia 75. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Ngozi iliyoungua haitoi kiasi hicho, na upungufu wake hujulikana kwa kumwona mgonjwa yuleyule tena na tena. Mdomo sungura ni mtihani mgumu zaidi. Mbinu ambayo Ralph Millard aliitangaza mwaka 1955, ya kuzungusha upande mmoja wa mdomo na kuusogeza mwingine, hufanywa mtoto akiwa na miezi 3 hivi. Kaakaa hufuata, kwa kawaida kabla ya miezi 18. Mfupa wa ufizi hupandikizwa kabla jino la chonge la ukubwani halijaota. Pua husubiri uso umalize kukua. Hata mafunzo ya miaka 5 ni mafupi kuliko matibabu ya mtoto mmoja.

Historia yenyewe inaniunga mkono. Archibald McIndoe alipowatibu marubani walioungua wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, pale East Grinstead, Uingereza, wagonjwa walirudi kisuni mara nyingi kwa miaka, na tangu mwaka 1941 wakawa na chama chao. Aliyejifunza kwake aliuona uso uleule ukibadilika. Mwaka 1957 McIndoe huyo, pamoja na Michael Wood na Tom Rees, wote wa fani hii, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege iliyokuja kuitwa AMREF. Ndege ilifika pasipofikika, nami siibezi hata kidogo. Ila mgeni huondoka na kovu hubaki, na kambi za siku chache tunazoziona leo zina udhaifu uleule: orodha ya waliopasuliwa hujaa, ya waliofuatiliwa haionekani.

Wenzangu hunipinga kwamba mkono haukomai bila idadi. Nakubali, idadi ibaki. Nakataa isimame peke yake. Wengine husema wagonjwa hawarudi, nauli ni ghali na mashamba yanasubiri. Ni kweli, lakini hoja hiyo inawageukia. Wanaorudi ni wa jirani, wenye uwezo, au walioharibikiwa sana, kwa hiyo picha tunayoipata kliniki imepinda tayari, na tusipowatafuta wengine tutaendelea kufundisha kwa kukisia. Pingamizi linalonisumbua kweli ni la mzunguko wa vitengo: mwanafunzi akiganda na wagonjwa wachache, atajifunza lini fuvu, matiti na mikono? Jibu langu si kufuta mzunguko. Azunguke, ila siku ya kliniki aachiwe nafasi kila mgonjwa wake anaporudi, popote alipo yeye. Wakuu wa vitengo hawalipendi hilo, maana linawapunguzia mtu, na kusema kweli sijaona namna ya kulifanya bila kuwaudhi.

Siku hizi huambiwa simu imemaliza tatizo: ndugu wa mgonjwa apige picha, aitume. Inasaidia, lakini picha haisemi kovu ni gumu kiasi gani likiguswa, wala mtoto hakuombwa atazame juu. Nesi wa zahanati ya karibu anaweza kumwambia ainue kichwa, akapima kwa utepe kutoka kidevuni hadi juu ya mfupa wa kidari, akatuma sentimita. Vipimo hivyo, cha siku ya kuruhusiwa na cha mwaka mmoja baadaye, ndivyo ningetaka mtahini avikute daftarini kando ya jina la operesheni.