Gesi Haiishi, Inavuja

Kaskazi ikishatulia na masika yakapita, Dar es Salaam hupoa. Kuanzia Juni hadi Agosti wengi wetu hulala na feni tu, na kiyoyozi kilichonguruma tangu Desemba husahaulika ukutani. Kwangu mimi, huo ndio wakati wake wa kuangaliwa.

Sehemu kubwa ya kazi haimhitaji fundi. Zima umeme, toa vichujio, vioshe kwa maji na sabuni, vianike kivulini. Mashine ya nje imwagie maji yasiyo na kasi, maana upepo wa bahari huacha chumvi kwenye mapezi ya alumini, na chumvi yenye unyevu huyala polepole. Vichujio vikishakauka virudishe, washa umeme, kisha acha kiyoyozi kipulize feni tupu kwa saa kadhaa ili ndani kukauke. Unyevu ukibaki humo ukungu huota, ndiyo ile harufu nzito ya siku ya kukiwasha tena. Toa na betri za rimoti.

Ila kinachonifikirisha zaidi ni gesi. Watu wengi huamini inaisha kama ya kupikia, hivyo kila mwaka humwita fundi aje kuongeza. Fundi wa mtaani kwetu hakubali. "Mama, gesi haiishi. Ukiona imepungua, inavuja," huniambia. Ni kweli: gesi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikitoa joto chumbani na kulitupa nje, miaka nenda rudi. Yeye hupaka povu la sabuni kwenye maungio, akakaa kusubiri mapovu. Kazi hiyo inataka subira, na Februari nani ana subira? Watoto hawalali, simu ya fundi haipumziki, kila nyumba inataka ubaridi leo hii. Basi inajazwa, inavuja tena. Nayo haipotei bure: kilo 1 ya R-410A, mojawapo ya gesi za viyoyozi, ikitoroka angani hupasha dunia joto sawa na zaidi ya tani 2 za kaboni dioksidi. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali yakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo.

Hali hiyo ya kujaza bila kuziba tundu nimeiona pia kwa ndugu zangu. Baba alipofariki, kila Desemba tulipokutana Tanga tuligombana juu ya nyumba yake. Wazee walitupatanisha, tukasameheana kwa machozi, na Desemba nyingine yakawa yale yale. Dada yetu mkubwa ndiye aliyetuita mwezi Juni, wakati hakuna aliyekuwa na hasira, akamuuliza kila mmoja kinachomuuma. Tukasikia kwamba mdogo wetu wa mwisho alikuwa akilipia matengenezo ya paa peke yake, na hakuna aliyewahi hata kumuuliza. Msamaha wetu wa Desemba ulikuwa wa kweli, lakini tuliumimina penye tundu. Tulichanga, tukamrudishia fedha zake, na nyumba haijatugombanisha tena.

Kama kiyoyozi chako kilipoza kwa shida wakati wa joto, usingoje joto jingine. Mwite fundi sasa hivi, kabla kazi hazijamzidi, na umwambie atafute kwanza panapovuja. Asipokubali kutafuta, tafuta fundi mwingine.