Hamamu za Marrakech: Moto Mmoja kwa Mtaa Mzima

Wasomaji wetu waliotembea Mji Mkongwe wa Unguja bila shaka wamepita Hamamni, ilipo hamamu iliyojengwa zama za Sultani Barghash bin Said. Leo ni jengo la kutazamwa tu; halina moto wala mvuke. Hamamu zilizo hai tulizikuta Marrakech, nchini Moroko.

Katika mitaa ya mji wa kale, msikiti, tanuri la mikate na hamamu ni majirani. Wanawake wana nyakati zao na wanaume zao. Muogaji huanza chumba cha baridi, akaingia cha vuguvugu, kisha cha joto kali, ambako sakafu hupashwa moto kutoka chini. Tulizunguka nyuma, tukateremka penye tanuri. Mchochea moto alikuwa akitia kuni, na pembeni yake, ndani ya majivu, vilifukiwa vyungu vya nyama viitwavyo tanjia, vikiiva polepole tangu usiku. Moto mmoja waogesha mtaa na kuwapikia. Lau kila nyumba ingewasha moto wake, kuni zingeteketea maradufu.

Hata hivyo, kuni hizo hutoka misituni, na moshi wake huwaingia majirani vifuani. Ndiyo maana baadhi ya wenye hamamu hutumia mashudu ya zeituni, yabakiayo baada ya kukamuliwa mafuta. Wengine wameweka mitambo ya kuchemshia isiyopoteza joto, na vyombo vya jua juu ya dari, ili maji yafike tanurini yakiwa yameshapata uvuguvugu.

Lakini jua haliongezi maji. Mwaka 2024, ukame ulipofika mwaka wa sita, wakuu wa miji kadhaa waliamuru hamamu zifungwe siku tatu kwa wiki. Walioumia ni wanawake waishio kwa ujira wa kuogesha wenzao, na familia zisizo na maji ya moto majumbani.

Hapo mzigo humrudia muogaji mwenyewe. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Hamamu ya ndoo na kata yakaribia mwendo huo. Mfereji ulioachwa wazi wauacha mbali. Basi nasi, akina mama na akina baba, tuwapimie watoto wetu maji ya kuoga kwa ndoo, wakue wakijua kiasi kinachowatosha.