Andikianeni Kabla ya Kuezeka



Wanafunzi wangu wapendwa, wazazi na walezi wetu, baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumswalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), napenda tuzungumze juu ya jambo la nyumbani kabisa, nalo ni paa. Hapa Majengo zipo nyumba nyingi za siku nyingi ambazo mabati yake yameshika kutu. Masika yakiingia mwezi wa Machi ndipo tunapogundua kuwa panavuja, na ndipo tunapoanza kukimbizana na mafundi. Mwenye haraka hana nafasi ya kuuliza maswali, na fundi asiye mwaminifu analijua hilo.

Jirani yangu mmoja, mama mjane, alipatana na fundi ambadilishie mabati. Kwa kuwa walikuwa wakiswali msikiti mmoja, aliona haya kumwandikisha. Akampa fedha zote za vifaa na nusu ya ufundi. Fundi akabandua mabati ya upande mmoja, akayabeba ya zamani kwenda kuyauza chuma chakavu, akaleta mabati machache tena mepesi kuliko waliyopatana, kisha hakuonekana tena. Mvua ikanyesha. Magodoro yakalowa, madaftari ya watoto yakalowa, wakalala kwa majirani wiki mbili. Alipokwenda kushitaki serikali ya mtaa aliulizwa swali moja tu: "Mliandikiana?" Hakuwa na karatasi wala shahidi.

Ndugu zangu, wengi husema kumwandikisha Mwislamu mwenzako ni kumdhania vibaya. Tuitazame aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Inaanza kwa kuwaita walioamini. Hao hao wanaosimama safu moja ndio walioamrishwa waandikiane deni la muda maalumu, waweke mashahidi, na wasichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Fedha unayompa fundi kabla ya kazi ni deni lililo juu yake. Karatasi humlinda na yeye pia, kwani wapo wenye nyumba ambao kazi ikiisha hukana mapatano.

Basi, tufanye nini?

Kwanza, tutengeneze paa Januari au Februari, kabla ya mawingu. Tumuulize fundi alikoezeka, twende tukaione nyumba iliyokwisha kupita masika moja, tuongee na mwenyewe.

Pili, tununue vifaa wenyewe na tuchukue risiti. Mjue kuwa namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba: geji 32 ni nyepesi kuliko 30, na 30 ni nyepesi kuliko 28. Hapo ndipo wengi wanapoibiwa, maana kwa macho, juu ya paa, yote yanang'aa sawasawa. Mabati yahesabiwe yanaposhushwa, na mbao za kenchi na papi vilevile.

Tatu, karatasi itaje kazi yenyewe, idadi na geji ya mabati, siku ya kumaliza, ujira, na mabati ya zamani ni ya nani. Watie saini wote wawili na mashahidi, na nakala moja ibaki kwa mwenyekiti wa mtaa. Ukilipa kwa simu, usifute ujumbe.

Nne, tulipe kwa awamu. Kabla ya malipo ya mwisho, ingia darini mchana uangalie kama kuna matundu ya mwanga, kisha pamwagwe maji juu. Tazama pia kama misumari imepigwa kwenye mgongo wa bati, kwani bondeni ndiko maji yanakopita. Kazi ikiwa safi, mlipe fundi siku hiyo hiyo. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tusicheleweshe ujira, na kumzungusha fundi aliyetimiza kazi yake ni dhulma ile ile.

Nanyi wanafunzi, baadhi yenu mtakuwa mafundi Insha Allah. Katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la chakula sokoni, akatia mkono ndani, vidole vikakuta maji. Mwenye mali akasema limenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, na akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika watu wake. Hakulaumiwa kwa mvua, alilaumiwa kwa kuficha. Fundi naye msumari alioukosea anaujua yeye na Mola wake, mpaka usiku wa mvua ya kwanza, na wanaolowa ni watoto waliolala.

Allah atujaalie tuwe watu wa amana, kwenye kulipa na kwenye kufanya kazi. Aamin.

Wabillahi tawfiiq.