Walipoandikwa "Mtu Mzima"

Miaka ya themanini nilikuwa mkalimani wa korti huku pwani ya Kenya. Nilisimama baina ya hakimu aliyeandika kwa Kiingereza na mshtakiwa aliyejua Kiswahili tu, au Kigiriama, au Kiduruma. Sheria ya watoto ilikuwapo, ile Sura ya 141, nayo ilitaka watoto wasikilizwe peke yao. Lakini nje ya Nairobi, korti ya watoto ilikuwa ni hakimu yule yule katika chumba kile kile, ila watu wameambiwa watoke. Na hata hayo yalifanyika pale tu ambapo polisi wamekubali kwamba aliyeletwa ni mtoto.

Karatasi ya mashtaka ilikuwa na nafasi ya umri. Wavulana wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na aliyewakamata hakutaka usumbufu wa kuwapeleka hospitali wakapimwe, basi akajaza "mtu mzima", yakaisha. Kuanzia hapo kijana alilala seli moja na wavunja nyumba, akapanda nao lori la jela, akasimama nao kizimbani.

Namkumbuka mmoja aliyeshtakiwa kwa wizi wa waya za shaba. Ndevu hazijaota, sauti ndiyo kwanza inavunjika. Nilikuwa katikati ya kumsomea shtaka alipodakia, "Ni kweli." Nikamwambia asubiri nimalize. Nikamaliza, akarudia, "Ni kweli," huku akiangalia mlango. Usiku kucha wakubwa wa seli walikuwa wamemfundisha: ukikataa utasota rumande, ukikubali utachapwa viboko uende kwenu. Hakwenda kwao. Alipewa miezi 6, gereza la watu wazima. Hakuwa na wakili, wala mzazi, wala mtu wa kumuuliza hakimu hizo shaba zilikuwa za nani na nani alimtuma. Miaka michache baadaye aliletwa tena, safari hii kwa kuvunja nyumba usiku, na alikuwa anakijua hadi kifungu cha sheria alichoshtakiwa nacho.

Wale tuliowaita chokoraa hali yao ilikuwa mbaya zaidi, maana sheria ya uzururaji iliwafanya wahalifu kwa kulala barazani. Sheria hiyo ilikuja kufutwa mwaka 1997.

Sheria ya Watoto ya 2001, iliyoanza kazi Machi 2002, ndiyo iliyobadilisha mambo. Kifungo cha jela kwa mtoto kikapigwa marufuku, viboko vya korti vikaondolewa. Hata maneno yakabadilika: mtoto haandikwi kuwa amehukumiwa, hupatikana na kosa kisha hutolewa amri, iwe ni uangalizi wa afisa wa probesheni, ushauri nasaha, shule ya urekebishaji, au fidia. Katiba ya 2010 ikaongeza kwamba mtoto asizuiliwe ila pale njia nyingine zote zimeshindikana, tena kwa muda mfupi kabisa, mbali na wakubwa. Sheria mpya ya 2022 ikapandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Fikiria hilo: nilipokuwa kazini, mtoto wa miaka 8, wa darasa la pili, aliweza kushtakiwa.

Leo Mombasa ina korti ya watoto Tononoka, na baadhi ya mashauri hayafiki hata huko. Mtoto akikubali kosa kwa hiari, na mzazi akawepo, yanaweza kumalizwa kwa kuomba msamaha, kulipa kilichoharibika na kufuatiliwa na afisa wa watoto.

Nasikia watu wakisema sheria hizi za watoto zinalea wezi, hasa baada ya vijana wa mapanga kuvamia watu Kisauni. Hasira yao naielewa. Aliyekatwa panga hana hamu ya kusikia umri wa aliyemkata. Lakini mvulana wa miaka 15 hadi 17 mwenye kosa zito haachwi tu aende zake. Huweza kupelekwa borstal, kituo cha vijana wakosaji, ya Shimo la Tewa kwa miaka 3, akafundishwa useremala huku akiwa chini ya ulinzi. Njia ile ya zamani niliiona kwa macho yangu, na sikuona mtaa hata mmoja uliopata usalama kwa sababu yake. Tuliwakabidhi watoto kwa wezi, wezi wakawamalizia mafunzo.

Kinachonisikitisha ni kwamba vituo vingi vya polisi bado havina chumba cha watoto, na kijana asiye na karatasi bado anaweza kuandikwa mtu mzima. Kwa hiyo, mzazi, chukua cheti cha kuzaliwa cha mwanao mapema, ukiweke mahali utakapokipata hata usiku wa manane. Ukisikia amekamatwa, nenda nacho kituoni saa hiyo hiyo, mwombe mkuu wa kituo amwite afisa wa watoto, na usimruhusu mwanao akubali shtaka lolote kabla hajazungumza na wakili. Ukikwama, piga 116. Simu hiyo hailipiwi.